Barua ya wazi kwa Wizara ya Elimu, NECTA na TCU: viwango vya alama vitangazwe kabla mtoto hajaanza kidato

Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,
Ndugu Katibu Mtendaji wa Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA),
Ndugu Katibu Mtendaji wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU),

Nawasalimu kwa heshima kutoka Moshi.

Mimi ni mwalimu wa sekondari. Kwa miaka mingi nimekaa ofisi ya taaluma, na kila dirisha la udahili linapofunguliwa wahitimu wetu hurudi shuleni na maswali ambayo vijana wa steshenari za mjini hawawezi kuyajibu. Wengine wamemaliza mwaka huu. Wengine walimaliza zamani, wameshaoa au kuolewa, wana watoto, na sasa ndiyo wamepata nafasi na ada ya kusoma. Swali lao ni hilohilo: "Mwalimu, kwa matokeo haya naweza kuomba chuo?" Aliyemaliza juzi namjibu papo hapo. Aliyemaliza 2014 au 2015 namwambia avute kiti, kwa sababu lazima nifungue kitabu cha mwongozo cha TCU, nitafute mstari wa mwaka wake, nianze kuhesabu upya kwa kalamu. Cheti chake chenyewe hakisemi lolote kuhusu hesabu hiyo.

Ombi langu kwenu ni moja, na mengine yote nitakayoyataja yanatoka humo. Alama ngapi ni A, alama ngapi ni C, gredi ipi ina pointi ngapi: mambo haya yamewahi kubadilishwa wanafunzi wakiwa darasani, wakiwa mlangoni mwa chumba cha mtihani, na hata wakiwa wameshautoka. Naomba iandikwe kanuni kwamba kiwango kipya kitamhusu tu mtoto atakayeanza kidato cha kwanza, au cha tano, baada ya kiwango hicho kutangazwa. Anayeanza na kiwango fulani amalize nacho.

Niruhusuni nikumbushe tulikopita. Walioguswa bado wako nasi, na walimu vijana wanaoingia kazini leo walikuwa shule ya msingi wakati huo.

Februari 2013 yalitangazwa matokeo ya kidato cha nne ya 2012. Takribani watahiniwa sita kati ya kila kumi walipata daraja sifuri, yaani walifeli. Sisi huku Kilimanjaro, ambako mzazi yuko tayari kuuza ng'ombe wa maziwa ili mtoto asome, tulipokea matokeo yale kama taarifa ya msiba. Waziri Mkuu wa wakati huo, Mheshimiwa Mizengo Pinda, aliunda tume. Mwezi Mei Serikali iliyafuta matokeo na kuagiza yapangwe upya kwa utaratibu uliotumika 2011, kwa kuwa mwaka ule ulikuwa umetumika utaratibu mwingine wa kupanga gredi. Yalipotoka upya, idadi ya waliofaulu ilipanda. Karatasi za majibu zilikuwa zilezile, na mwandiko wa watoto ulikuwa uleule.

Naomba msisitizo uwekwe hapo, kwa kuwa ni Serikali yenyewe iliyoamua. Ilikubali kwamba namna ya kupanga alama inaweza kumpandisha mtoto au kumshusha bila yeye kuongeza wala kupunguza neno moja kwenye majibu yake, na ikakubali kwamba si haki kumbadilishia utaratibu huo asipoandaliwa. Nilidhani somo lile limeeleweka.

Lakini mwishoni mwa Oktoba mwaka uleule wa 2013, siku chache kabla ya mtihani wa kidato cha nne wa Novemba, Wizara ilitangaza viwango vipya. A ikaanzia 75. Ikaletwa gredi ambayo hatukuwa nayo, B+, ya 60 hadi 74. B ikawa 50 hadi 59, C ikawa 40 hadi 49, D 30 hadi 39, E 20 hadi 29, na chini ya hapo F. Likatajwa pia daraja la tano mahali pa sifuri, kisha sifuri ikarudi. Nawakumbuka wanafunzi wangu wiki ile. Walipaswa kuwa wanapitia maswali ya Hisabati na ramani za Jiografia, lakini walikuwa wamezunguka ubao wa matangazo wakiuliza kama lile daraja la tano ni kufaulu au ni kufeli. Mimi mwalimu wao sikuwa na waraka wowote wa kuwasomea.

Mwaka uliofuata divisheni, yaani yale madaraja, ziliondolewa, tukaingia kwenye GPA, yaani wastani wa pointi. Matokeo ya kidato cha nne ya 2014 yalitoka kwa majina ya Distinksheni, Meriti, Krediti na Pasi, na kidato cha sita wakafuata 2015. Tukajifunza. Tukabadilisha fomu za ripoti, tukawaita wazazi, tukawaeleza kuwa sasa namba kubwa ndiyo nzuri, tofauti na pointi za divisheni ambapo ndogo ndiyo nzuri. Wazazi wa vijijini, wa Uru na Kibosho na Old Moshi, walikaa kwenye madawati ya watoto wao na kusikiliza kwa makini, na nawaheshimu sana kwa hilo. Kisha Januari 2016 Waziri mpya, Profesa Joyce Ndalichako, aliagiza turudi kwenye divisheni. Vijana wa kidato cha nne walikuwa wameshafanya mtihani wao Novemba, wakijua ni wa GPA. Matokeo yao yalitoka kwa divisheni. Vijana wa kidato cha sita walikuwa wamebakiza takriban miezi minne wakae kwenye mtihani wa Mei.

Sisemi uamuzi wa kurudi kwenye divisheni ulikuwa mbaya. Binafsi naona divisheni zinaeleweka zaidi kwa mzazi, na gredi za sasa zinampima mwanafunzi kwa ukali unaofaa. Ninalolisema ni kwamba watoto wale walianza kidato cha tano Julai 2014 wakiambiwa jambo moja, wakamaliza wakipimwa kwa jambo lingine. Mkulima wa kahawa akipeleka gunia mnadani na kukuta daraja la kahawa limepangwa upya usiku wa jana, atalalamika, na kila mtu mkoani hapa atamwelewa.

Sasa tuje kwenye maombi ya chuo, kwa sababu hapo ndipo jambo hili linapogeuka kuwa miaka ya maisha ya mtu.

Mtihani wa kidato cha sita kuanzia 2016 una viwango hivi: A ni 80 na kuendelea, B ni 70 hadi 79, C ni 60 hadi 69, D ni 50 hadi 59, E ni 40 hadi 49, S ni 35 hadi 39, na chini ya hapo F. Mwombaji wa shahada anatakiwa awe na prinsipo mbili, yaani ufaulu kamili wa kidato cha sita, katika masomo mawili yanayotakiwa na kozi, zenye jumla ya pointi 4.0. Kwa hawa, A ina pointi 5, B 4, C 3, D 2, E 1. Kwa waliomaliza 2014 na 2015, mwongozo una mstari wao peke yao: A 5, B+ 4, B 3, C 2, D 1. Jumla inayotakiwa ni ileile, 4.0.

Chukueni vijana wawili waliopata alama sawasawa: 55 kwenye Jiografia na 45 kwenye Historia. Wa kwanza amemaliza 2015. Ana B na C, pointi tatu na pointi mbili, jumla tano. Anaomba chuo, anasoma, leo ni mwalimu au afisa maendeleo ya jamii. Wa pili amemaliza 2016. Ana D na E, pointi mbili na pointi moja, jumla tatu. Hana sifa. Anaambiwa atafute stashahada kwanza au arudie mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kati yao umepita mwaka mmoja tu. Kwa 2014 na 2015, mwenye 40 na 40 alikuwa na C mbili na pointi zake nne zimetimia. Kuanzia 2016, pointi nne kwa masomo mawili yanayolingana zinadai 50 na 50.

Najua hoja itakayotolewa: mitihani ya miaka miwili haiwi na ugumu mmoja, kwa hiyo alama mbichi hazilinganishwi moja kwa moja. Nakubali. Mwalimu yeyote anajua kuna mwaka karatasi ya Fizikia inakuja nyepesi na mwaka mwingine inawaliza watoto. Lakini tofauti ya alama kumi kwenye mlango wa chuo kikuu haikutangazwa kama marekebisho ya ugumu wa karatasi. Ilikuja ndani ya mabadiliko ya gredi, na vijana waliibeba.

Upande wa juu nako kuna shida yake. Mwenye 75 mwaka 2015 ana A ya pointi 5. Mwenye 75 leo ana B ya pointi 4. Kwenye kozi yenye ushindani, ambako chuo kinapanga waombaji kwa pointi, pointi moja katika kila somo ni umbali mkubwa. Fikirieni kozi ya udaktari, inayodai Fizikia, Kemia na Biolojia zote tatu, na inayoombwa na mamia ya vijana kwa nafasi chache. Hapo kijana wa leo akikutana kwenye orodha moja na mwombaji wa miaka ile, hawajapimwa kwa kipimo kimoja.

Nitawaeleza habari ya mhitimu wetu mmoja, bila kumtaja jina wala vyuo alivyoomba. Alimaliza 2015 akiwa na C ya Jiografia na D ya Historia. Baada ya shule alikuwa muuzaji katika duka la dawa za mifugo la shangazi yake kwa miaka kadhaa, akatunza fedha, akaamua kuomba shahada. Alikwenda steshenari. Kijana wa pale, ambaye ana nia njema na anajua kompyuta kuliko mimi, alimwambia C ni pointi tatu na D ni pointi mbili, jumla tano, sifa anazo. Hivyo ndivyo ilivyo kwa kila mtu ambaye kijana yule amemhudumia. Akalipa ada ya maombi chuo cha kwanza, cha pili, cha tatu. Vyote vilimkataa, na hakuna kilichomweleza sababu kwa maneno anayoweza kuyaelewa. Alikuja kwangu akiamini kwamba nafasi zimeuzwa. Tulipofungua mstari wa mwaka wake tulikuta C ni mbili na D ni moja. Pointi tatu. Hakuwa na sifa tangu siku ya kwanza, na fedha yake ilikuwa imekwenda, na mwaka wa masomo ulikuwa umekwenda.

Ningeweza kumwambia alipaswa kusoma mwongozo. Lakini mwongozo umeandikwa kwa Kiingereza, una mamia ya kurasa, na mstari unaomhusu yeye ni mmoja. Cheti chake kina herufi C na D, herufi zilezile zilizo kwenye cheti cha mdogo wake aliyemaliza baadaye, na mdogo wake kwa herufi hizo ana pointi tano halali. Mtu wa kawaida angejuaje?

Mwingine, mwenye B+ mbili, alikuta mfumo wa maombi wa chuo kimoja hauna B+ kwenye orodha ya gredi za kuchagua. Akapiga simu, akaambiwa achague B. Kwa kuchagua B angejipunguzia pointi moja katika kila somo, na pia angekuwa ametoa taarifa isiyolingana na cheti chake, jambo ambalo lingeweza kumtoa baadaye wakati wa uhakiki. Tulihangaika mpaka likapatikana jibu, lakini lilipatikana kwa sababu alikuwa na mwalimu wa kumsaidia kupiga simu kila asubuhi. Anayetoka Same au Rombo ndani kabisa, asiye na mwalimu wa kumrudia, anachagua B na kukaa kimya.

Halafu kuna wanaorudia mtihani. Kijana ana matokeo ya 2015 na matokeo ya 2016 kwa sababu alirudia somo moja. Ana vyeti viwili vya viwango viwili, na anaviweka kwenye ombi moja. Hesabu hiyo inahitaji mtu anayeijua kweli, na kwenye madirisha ya vyuo watu hao ni wachache.

Nje ya nchi ndiyo kabisa. Vijana wetu wa Moshi na Arusha wanaomba vyuo Kenya, Uganda, India, na wachache Marekani, pengine kwa sababu wamekua wakiwaona wageni wa mlima na wa mbuga na wakatamani kufika kwao. Marekani shule nyingi huanza A kwenye 90, na 75 kwao ni C ya kawaida. Ripoti ya shule yetu ikionyesha 76 ya Kemia kidato cha nne, sisi tunashangilia A. Afisa wa udahili wa kule, asipowekewa kiwango chetu mbele yake, anamwona mwanafunzi wa wastani. Hapa kwetu nimejifunza kuambatanisha karatasi ya maelezo iliyogongwa muhuri wa shule. Lakini karatasi hiyo naiandika mimi, na shule ya jirani inaandika yake kwa maneno mengine au haiandiki kabisa. Kazi hii ni ya Baraza. Ukurasa mmoja rasmi, wenye viwango vya kila mwaka tangu B+ ilipoingia hadi leo, ungefanya kazi ambayo barua zangu zote haziwezi kuifanya.

Mabadiliko yanaweza kufanywa vizuri. Uingereza walipoondoa herufi kwenye mtihani wao wa GCSE na kuweka namba 9 hadi 1, walianza na Kiingereza na Hisabati mwaka 2017, na watoto waliofanya mtihani ule walikuwa wameanza kozi zao wakijua watapata namba. Masomo mengine yakafuata kwa awamu. Tena wakaweka daraja la kuvukia lililotangazwa wazi: mwanzo wa 4 ulinganishwe na mwanzo wa C ya zamani, mwanzo wa 7 na mwanzo wa A. Mwajiri au chuo kikipokea cheti cha herufi na cheti cha namba, kina pa kushika. Wao wana fedha kuliko sisi, ni kweli. Ila kutangaza mapema hakugharimu fedha nyingi.

Mheshimiwa Waziri, sababu ya kuandika sasa ni watoto wanaosoma kwa mtaala mpya, ulioanza kutekelezwa Januari 2024. Mtihani wa kidato cha nne wa walioanza nao kidato cha kwanza mwaka huo ni wa 2027. Wapo wa mkondo wa jumla na wapo wa mkondo wa amali, na hawa wa amali wanasoma fani kwa vitendo pamoja na masomo ya kawaida. Nauunga mkono mtaala huu kwa moyo wote. Nimefundisha vijana wenye mikono ya ajabu, wanaofungua injini ya pikipiki na kuifunga, ambao mfumo wa zamani uliwapa sifuri na kuwarudisha nyumbani. Lakini mzazi akiniuliza leo alama za fani ya mtoto wake zitaingiaje kwenye divisheni, au Chuo cha Ufundi Arusha kitazisomaje siku ya kuomba, nataka nimjibu kwa waraka wenye muhuri. Kumjibu kwa uvumi wa kwenye makundi ya simu nakataa.

Vilevile tahasusi, yaani michanganyiko ya masomo. Mwaka 2024 Serikali ilitangaza tahasusi 65 za kidato cha tano, mpya zikiwa 49. Ni jambo zuri, limewafungulia wanafunzi njia ambazo tahasusi za zamani kama PCB na HGL hazikuwa nazo. Sasa kila kozi ya shahada kwenye mwongozo wa TCU ina orodha ya masomo inayoyakubali. Mtoto anayechagua tahasusi mpya leo anapaswa kujua, siku hiyohiyo anapojaza fomu, ni kozi zipi zitampokea miaka miwili baadaye. Asigundue akiwa ameshapata matokeo kwamba somo alilolipenda halimo kwenye orodha ya kozi yoyote ya chuo kilicho karibu naye.

Ndugu Katibu Mtendaji wa Baraza, kwako nina ombi jingine dogo la kiutendaji. Nyuma ya cheti kuna nafasi. Chapeni hapo viwango vya mwaka wa mtihani: gredi, alama zake, na mfumo uliotumika. Waliokwisha kupewa vyeti, hasa wa 2013, 2014 na 2015, wapatiwe ukurasa rasmi wa maelezo bila malipo, wa Kiswahili na wa Kiingereza, kwenye tovuti yenu, ambao mtu anaweza kuuchapisha na kuuambatanisha. Hawakuomba B+ wala GPA. Wasitozwe kwa kuieleza.

Ndugu Katibu Mtendaji wa Tume, kila mwaka kabla ya dirisha kufunguliwa mnapokea taarifa kutoka vyuoni. Vitakeni vyuo vijaribu mifumo yao ya maombi kwa matokeo ya miaka yote: ya kabla ya 2014, ya 2014 na 2015, na ya 2016 na kuendelea. Mfumo usio na B+ usiruhusiwe kufungua dirisha. Mfumo ukishapokea namba ya mtahiniwa unaujua mwaka wake, kwa hiyo unaweza kumhesabia pointi na kumwambia kabla hajalipa kama sifa za kozi anazo au hana. Yule mhitimu wangu wa Jiografia na Historia angekuwa ameokoa fedha yake na mwaka wake kwa sentensi moja kwenye skrini. Na ule ukurasa wa pointi kwa miaka uwekwe kwa Kiswahili mwanzoni kabisa mwa mwongozo, ili hata mama anayeuza ndizi Mbuyuni aweze kumsomea mwanaye.

Narudi kwenye lile kubwa, kwa sababu haya madogo yote ni kutibu majeraha ya mwanzo. Andikeni kanuni. Iseme kwamba viwango vya alama, gredi, pointi na namna ya kupanga madaraja haviwezi kubadilishwa kwa mwanafunzi aliyekwisha kuanza ngazi husika. Iseme kwamba badiliko lolote litatangazwa pamoja na mstari wa kulinganisha wa TCU siku ileile, ili gredi mpya isizaliwe bila pointi zake za chuo. Iseme kwamba Wizara, Baraza na Tume mtatia saini pamoja, kwa sababu mpaka sasa mmoja anabadilisha gredi na mwingine anakuja nyuma kutafuta pointi, na katikati yenu amesimama mtoto mwenye cheti mkononi. Mawaziri hubadilika, na kila mmoja huja na nia yake njema. Kanuni iliyoandikwa itamlinda mtoto hata nia njema zinapogongana.

Mnaweza kusema kanuni kama hiyo itawafunga mikono pale dosari inapoonekana, kama ilivyoonekana 2012. Nadhani haiwafungi. Matokeo ya 2012 yalirekebishwa kwa kurudi kwenye utaratibu ambao watoto waliuanza nao, na kanuni ninayoiomba ingeelekeza hivyohivyo. Itakachozuia ni tangazo la wiki ya mtihani, na agizo linalokuja baada ya kalamu kuwekwa chini.

Watoto wa kidato cha kwanza wanaingia tena Januari. Wazazi watakuja na magodoro, ndoo na mabegi, nami nitakuwa mlangoni mwa ofisi ya taaluma nikijibu maswali yao. Naomba waraka wa viwango vitakavyowahusu watoto hao, kuanzia siku wanapoingia hadi siku wanapoomba chuo, ufike shuleni kabla ya wiki hiyo.

Wenu katika kazi,
Mwalimu wa taaluma, Moshi, Kilimanjaro